Anzia Kwenye Simu ya Siku ya Tatu: Mwongozo Kamili wa Kutumia Vifaa vya Kidijitali Kuzuia Kujiua Katika Kasualti

Hospitali nyingi huanza na tableti. Mfadhili analeta kumi, zinafunguliwa mbele ya kamera, fomu ya maswali inawekwa ndani, wauguzi wanapewa mafunzo ya siku mbili, kazi inaanza. Wiki ya kwanza mgonjwa anajibu "ndiyo, nimewaza kujiua", kisanduku kwenye skrini kinageuka chekundu, na muuguzi aliye zamu peke yake na wagonjwa ishirini na wawili anabaki anakitazama. Hana wa kumwita. Kufikia mwezi wa tatu watu wameshazoea kujaza "hapana" kwa kila anayeingia, ili kile chekundu kisitokee.

Nimeyaona haya katika hospitali niliyowahi kufanyia kazi, na simlaumu muuguzi hata mmoja. Mpango wenyewe uliwekwa kichwa chini miguu juu. Ndiyo maana mwongozo huu unaenda kinyumenyume. Tunaanza na mtu atakayempigia mgonjwa simu siku ya tatu baada ya kwenda nyumbani, kisha tunarudi nyuma hatua kwa hatua hadi swali la kwanza mezani. Nimewaandikia wauguzi, maafisa wa kliniki na wasimamizi wa kasualti zetu za huku magharibi na Bonde la Ufa, kuanzia Ahero hadi Webuye, Homa Bay hadi Molo, pale ambapo daktari wa magonjwa ya akili hayumo jengoni na stima hupotea mvua ikitanda.

Na kama wewe unayesoma ndiye mwenye mawazo ya kujiua, weka haya kando kwanza. Piga 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, au Befrienders Kenya kwa 0722 178 177, au nenda kasualti iliyo karibu. Ikiwa kuna mtu nyumbani, mwambie sasa hivi.

Kwa nini tunaanza mwisho

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika katika kasualti za miji mitano: Campinas kule Brazil, Chennai India, Colombo Sri Lanka, Karaj Iran na Yuncheng China. Watu 1,867 waliofikishwa hospitali baada ya kujaribu kujiua waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. La pili lilipata mazungumzo ya saa moja kabla ya kuruhusiwa, kisha likafuatiliwa mara tisa kwa simu au kwa kutembelewa, hadi miezi 18. Katika kundi lililofuatiliwa, waliokufa kwa kujiua walikuwa asilimia 0.2. Katika lile lingine, asilimia 2.2.

Soma tena orodha ya miji hiyo. Hizo si kasualti za matajiri. Wamejaa kama sisi, wanakosa wataalamu kama sisi. Walichokuwa nacho ni mtu, ratiba na simu, na hivyo vitatu unaweza kuvipata hata Muhoroni. Vifaa vya kidijitali nitakavyovitaja kuanzia hapa vina kazi moja tu: kuhakikisha hiyo simu inapigwa kwa wakati, kwa mtu sahihi, bila kumwaibisha.

Hatua ya kwanza: simu moja, laini moja, daftari moja

Nunueni simu ya kasualti. Kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, inatosha kuanzia; chaji yake hukaa siku kadhaa na ikianguka sakafuni haivunjiki ovyo. Laini isajiliwe kwa jina la hospitali. Usikubali kazi hii ifanywe kwa simu yako mwenyewe, hata kwa wiki moja ya kusubiri manunuzi. Mgonjwa atakupigia saa nane za usiku ukiwa likizo kwenu Siaya. Usipopokea, ataona umemtupa. Ukipokea kila mara, utachoka mpaka uichukie kazi uliyoipenda.

Salio liwekwe kila mwezi na mtu mwenye jina, aliyetajwa kwenye mpango wa kazi. Nimeona miradi mizuri ikifa kwa shilingi mia mbili za salio ambazo kila mtu alidhani mwenzake ameweka.

Ratiba yenyewe msiitunge upya. Ule utafiti ulifuatilia watu wiki ya 1, 2, 4, 7 na 11, kisha mwezi wa 4, 6, 12 na 18. Mimi naongeza mara moja mbele yake, siku ya tatu, kwa sababu siku za mwanzo baada ya kuondoka hospitali ndizo zenye hatari kubwa. Kama mna kompyuta, fungueni jedwali la Excel au LibreOffice. Tarehe ya kuruhusiwa iwe safu ya B, na safu zinazofuata zijazwe na mashine: =B2+3, =B2+7, =B2+14, =B2+28, =B2+49, =B2+77, kisha =EDATE(B2,4) na kuendelea hivyo hadi miezi 18. Paka rangi tarehe iliyofika. Kila asubuhi muuguzi wa zamu afungue, aone majina ya leo. Hiyo inatosha kwa hospitali yenye wagonjwa wachache wa aina hii kwa wiki. Kama mnatumia KenyaEMR, mfumo wa kompyuta wa faili za wagonjwa ambao umejengwa juu ya OpenMRS, programu yenye mizizi hapa kwetu Eldoret katika ushirikiano wa hospitali na vyuo vikuu uitwao AMPATH, ombeni mtu wenu wa kompyuta aweke miadi ya simu kama zinavyowekwa miadi za kliniki.

Sasa namba. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, na hakuna programu itakayokuokoa. Mtu aliyeletwa kasualti usiku mara nyingi hana simu yake mkononi. Namba iliyoandikwa mapokezi ni ya mwendesha boda aliyemleta, au ya mjomba aliyesimama karibu na dirisha. Kabla hajaondoka, kaa naye kitandani uulize:

- Namba yako mwenyewe ni ipi? Ipige pale pale, isikike ikiita. Kama simu iko nyumbani, aliyeipokea aseme yeye ni nani.
- Nani mwingine hushika simu hii? Mume, ndugu, mtoto wa shule?
- Saa ngapi unaweza kuongea bila kusikilizwa?
- Tusipokupata, tumpigie nani, na huyo anajua nini kuhusu kilichotokea?

Swali la mwisho liandikwe kwa ukamilifu. Kuna mama ambaye anajua "mwanangu alikuwa na malaria", na kijana ametaka ibaki hivyo kwa sasa. Ukipiga na kuanza na mengine, umevunja ahadi.

Mpangie pia neno la siri. Ukisema "Nauliza kuhusu ile miadi ya macho" naye akajibu "Nitakuja Ijumaa," unajua hayuko peke yake na umpigie baadaye. Yanaonekana madogo. Yamenisaidia zaidi ya programu yoyote niliyofundishwa.

Simu yenyewe haizidi dakika kumi. Jitambulishe kwa jina, hakikisha ni yeye, uliza kama ni wakati mzuri. Kisha: umelalaje tangu uondoke? Umekula? Mawazo yale yamerudi? Yakirudi huwa makali kiasi gani? Ule mpango tuliouandika uko wapi, na kuna kitu ndani yake hakifanyi kazi? Uliza kuhusu kujiua waziwazi, kwa sauti ile ile uliyotumia kuuliza chakula. Asipopokea, piga mara tatu kwa saa tofauti siku hiyo hiyo, kisha nenda kwa mtu aliyemtaja. Ikishindikana, na kama alikubali mapema, mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake apite nyumbani. Tangu 2023 wahudumu hawa wamepewa simu za kazi kote nchini, kwa hiyo unaweza kumfikia aliye Nyakach ukiwa umeketi hapo hapo kasualti. Mpe jina na nyumba. Sababu usimpe, ila kama mgonjwa aliruhusu.

Hatua ya pili: ujumbe mfupi, na madhara yake ukiandikwa vibaya

Tuliwahi kutuma ujumbe ulioanza na maneno "Kliniki ya Afya ya Akili inakukumbusha". Kijana mmoja aliyeupokea alikuwa akitumia simu na kaka yake. Kaka aliusoma kwa sauti, nyumbani kukiwa na wageni wa matanga. Kijana hakurudi kwa miezi minne. Aliporudi, jambo la kwanza aliloniambia ni: "Sista, mlinitangaza." Sina jibu la neno hilo hadi leo, ila tangu siku hiyo hakuna ujumbe unaotoka kwetu wenye jina la kliniki, dawa wala ugonjwa.

Ujumbe wa kumjali mtu haumkumbushi miadi wala haumwombi chochote. Asili yake ni barua alizotumia daktari Jerome Motto kule San Francisco kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa watu waliokataa matibabu baada ya kutoka hospitali: mistari michache ya kumwambia mtu kwamba anakumbukwa. Wa kwetu unasoma hivi:

"Habari yako. Ni Sista wa zamu. Leo nimekukumbuka nikaona nikusalimie. Si lazima ujibu. Ukitaka kuongea, piga namba hii."

Mambo matatu ya kiufundi hapa. Kwanza, ujumbe mmoja wa kawaida hubeba herufi 160. Lakini ukiweka hata alama moja isiyo kwenye orodha ya kawaida ya mitambo ya simu, kama kikatuni cha uso au ile alama ya juu iliyopinda, nafasi inashuka hadi herufi 70 na ujumbe unakatwa vipande, hulipiwa zaidi, na kwenye simu nyingine vipande hufika bila mpangilio. Sisi tunaoandika "ng'" kila siku, kwa Kiswahili na kwa Kijaluo, tunanaswa hapa bila kujua: kompyuta huipinda ile alama yenyewe. Andika ujumbe kwenye simu, au uzime usahihishaji wa kompyuta, alama ibaki imenyooka.

Pili, namba inayotuma lazima ipokee. Kampuni za ujumbe wa jumla zitakuuzia jina la kutumia badala ya namba, linapendeza kwenye skrini, lakini mgonjwa akijibu "leo nimezidiwa" jibu lake haliendi popote. Katika kazi hii hilo ni jambo la hatari. Tuma kutoka kwenye ile laini ya kasualti, hata kama ni polepole.

Tatu, usiahidi "wakati wowote" kama simu hufungiwa kwenye droo saa kumi na moja jioni. Andika saa za kweli, na mwishoni weka 1199.

Hatua ya tatu: mpango wa usalama unaoingia kwenye kabambe

Wamarekani Barbara Stanley na Gregory Brown walitengeneza mpango wa sehemu sita ambao mgonjwa na mhudumu huuandika pamoja kabla ya kuruhusiwa. Mwaka 2018 wao na wenzao walichapisha matokeo kutoka kasualti za hospitali za maveterani nchini Marekani, kwa wagonjwa 1,640: waliopewa mpango huo pamoja na simu za ufuatiliaji walikuwa na vitendo vya kujiua pungufu kwa asilimia 45 ndani ya miezi sita, ukilinganisha na waliopata huduma ya kawaida. Sehemu zenyewe ni hizi: dalili zinazonionya, ninachoweza kufanya peke yangu kujituliza, watu na mahali pa kunitoa mawazoni, watu wa kuwaomba msaada, wataalamu na namba zao, na jinsi ya kuyafanya mazingira yangu kuwa salama.

Ipo hatari ya kuigeuza kuwa fomu ya kujazwa. Usiandike "kusikiliza muziki" kwa sababu mfano wa mafunzo ulisema hivyo. Andika maneno yake mwenyewe. Mama mmoja muuza mitumba, ambaye nimebadilisha mambo yake asitambulike, nilimuuliza huanza vipi siku zinapokuwa mbaya. Alifikiri sana, kisha akasema: "Nikizima simu kabla jua kuzama." Alikuwa na mikopo ya simu, na wadai walikuwa wakimpigia yeye na kila mtu aliyemo kwenye orodha yake ya namba. Kuzima simu kulikuwa ndiyo dalili ya kwanza. Basi tukaandika kwenye safu yake kwenye jedwali: simu ikizimwa mchana, asihesabiwe kama asiyepatikana, dada yake apigiwe siku hiyo hiyo. Tungefuata utaratibu wa kawaida wa mara tatu na kungoja, tungeisoma dalili yake ya hatari kama shida ya mtandao.

Sehemu ya sita ndiyo wahudumu huiruka kwa aibu, na ndiyo nzito kuliko zote. Mawazo makali ya kujiua mara nyingi huja kwa wimbi na kupita, na kile kilicho karibu na mkono saa hiyo ndicho huamua mengi. Sri Lanka ilipoziondoa sokoni dawa za shambani zenye sumu kali, vifo vya kujiua nchini humo vilishuka kwa takriban asilimia 70 katika miongo miwili. Huku kwetu kwenye miwa, mahindi na majani chai, uliza bila kuzungukazunguka: nyumbani kuna nini ambacho ungetaka kiwe mbali nawe wiki hizi? Nani atakiondoa, leo, kabla hujafika? Ikiwa amekubali, mpigie huyo ndugu mbele yake, dawa zipelekwe kwa jirani au zifungiwe kabatini ufunguo ukae kwa mwingine. Siku ya tatu, kwenye simu, uliza pia kama jambo hilo lilifanyika.

Kuhusu kuuhifadhi mpango: mwenye simu janja anaweza kupiga picha karatasi, mradi picha isiingie kwenye albamu ambayo familia nzima huifungua. Mwenye kabambe, mhifadhie namba tatu kwa majina atakayoyatambua haraka, na karatasi iliyokunjwa ikae kwenye pochi au ndani ya jalada la kitambulisho. Asiyejua kusoma, mrekodie sauti yake mwenyewe akiusema kwa lugha ya nyumbani, kama simu yake inaweza. Kuna programu nzuri za mipango ya usalama duniani. Nyingi ni za Kiingereza na zinadai bando, na sijaona sababu ya kumpa mtu aliyelemewa kitu kingine cha kujifunza usiku huo.

Hatua ya nne: swali, fomu na lugha

Sasa ndiyo tunafika kwenye tableti.

Tumieni maswali mafupi yaliyopimwa tayari. ASQ, iliyotengenezwa na Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, ina maswali manne ya ndiyo au hapana na huchukua sekunde 20 hivi: kutamani ungekuwa umekufa, kuona wewe au familia yako mngekuwa afadhali kama ungekufa, kuwaza kujiua wiki iliyopita, na kama umewahi kujaribu. Akijibu "ndiyo" popote, linakuja la tano: je, sasa hivi unawaza kujiua? PHQ-9, fomu ya maswali tisa ya kupima sonona, imepimwa kwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi hapa magharibi mwa Kenya na matokeo yakachapishwa 2009, lakini kwa meza ya kasualti ni ndefu; iacheni kliniki.

Fomu ijengwe kwa KoboToolbox au ODK, programu za kukusanyia majibu kwa simu au tableti. Zote mbili hufanya kazi bila mtandao na kutuma baadaye mtandao ukirudi. Wekeni sharti kwamba swali la tano litokee tu pale mojawapo ya manne limejibiwa "ndiyo". Wekeni pia chaguo la "hakutaka kujibu", na fomu ilichukulie sawa na "ndiyo". Ndivyo ASQ yenyewe inavyoelekeza, na nimeona mara nyingi kwamba anayekataa kujibu ndiye mwenye mengi. Msiweke jina. Namba ya faili inatosha.

Lugha inataka siku kadhaa za kazi. Huku kwetu watu husema "kujinyonga" wakimaanisha kujiua kwa njia yoyote, na mgonjwa ambaye hakuwaza njia hiyo atajibu "hapana" kwa moyo safi. Sema "kujiua". "Umechoka na maisha?" nayo haitoshi, nusu ya foleni itajibu ndiyo. Tafsirini kwa Kijaluo, Kiluhya cha eneo lenu, Kikalenjin, kisha mtu mwingine ambaye hajaona ya Kiswahili airudishe, mlinganishe. Wajaribieni wafanyakazi wa usafi na akina mama wa foleni ya chanjo kabla ya kuiweka rasmi. Hawa watakuambia palipo na neno la kitabuni.

Wengi huogopa kwamba kuuliza kutampa mtu wazo. Tafiti hazijaonyesha hivyo. Kinachoumiza ni namna ya kuuliza: mbele ya mume, huku macho yako yako kwenye skrini. Watoe jamaa nje kwa adabu ("Baba, naomba utusubiri hapo benchi kidogo, kila mgonjwa tunamwona peke yake"), weka tableti mapajani, mtazame, uliza, ndipo ujaze. Aliyezimia au anayepumua kwa shida haulizwi. Okoa maisha kwanza, fomu iandike "bado" na irudi kudai jibu zamu inayofuata.

Waulizwe vijana na watu wazima wote, hata aliyekuja na kidole kilichokatwa. Katika hospitali nane za Marekani zilizoshiriki mradi wa ED-SAFE, kuuliza kila mtu mzima kulipanda kutoka asilimia 26 ya wagonjwa hadi 84, na waliogunduliwa kuwa na mawazo haya wakapanda kutoka asilimia 2.9 hadi 5.7. Karibu mara mbili, na wale wote wa nyongeza wangeenda nyumbani na bandeji.

Hatua ya tano: kile chekundu kiende kwa nani

Kabla ya siku ya kuanza, ukuta wa kasualti uwe na karatasi yenye majina ya wiki hiyo: nani anaitwa kwanza, nani wa pili asipofika ndani ya dakika kumi na tano, na gari la rufaa linaombwa vipi.

"Ndiyo" kwa swali la tano ni dharura kama ilivyo kutokwa na damu. Mgonjwa haachwi peke yake, hata kwenda choo. Ahamishiwe mahali panapoonekana kutoka meza ya wauguzi, vitu vya hatari viondolewe, afisa wa kliniki afanye tathmini kamili. "Ndiyo" kwa maswali ya mwanzo pekee, na "hapana" kwa la tano: tathmini fupi na mpango wa usalama kabla ya kuruhusiwa, kisha jina liingie kwenye jedwali la simu.

Tahadhari ya kidijitali isafiri bila jina: "Chumba 3, tafadhali njoo sasa." Kundi la WhatsApp la wafanyakazi lisitumike kutaja mgonjwa, hata kwa herufi za mwanzo. Katika mji wa watu wanaojuana, herufi mbili na kijiji vinatosha kumjulisha kila mtu. Stima ikikatika, maswali yale yale yawepo kwenye karatasi ya rangi iliyofungwa kwenye faili. Ichapisheni mapema, mashine ya kuchapisha nayo hutaka stima.

Daktari wa akili anaweza kupatikana kwa simu ya video. Pangeni saa na hospitali ya rufaa mnayotumia, iwe Kisumu, Kakamega, Nakuru au Eldoret, kwa makubaliano ya maandishi. Mhudumu wenu abaki chumbani muda wote wa mazungumzo.

Hatua ya sita: siri na sheria

Wenzangu wengi bado wanaamini kwamba aliyejaribu kujiua ni mhalifu. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilisema hivyo kwa miaka mingi, hadi tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Bandikeni habari hii mahali wafanyakazi wanapobadilishia nguo. Mgonjwa akiuliza "mtaita polisi?" mjibu kwa utulivu kwamba amekuja kutibiwa, na matibabu ndiyo atakayopata.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi nyeti. Kwa vitendo: tableti iwe na neno la siri na ijifunge baada ya dakika moja, kila mtu aingie kwa jina lake, jedwali la simu lisitumwe kwa barua pepe ya kibinafsi, na aliyehamishwa kazi aondolewe siku hiyo hiyo. Mgonjwa aelezwe kwa maneno mepesi nani ataona nini, na akikataa simu za ufuatiliaji apewe matibabu yale yale. Tableti ikiibwa, muda unahesabiwa: Ofisi ya Kamishna wa Data hupaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 pale taarifa za watu zinapokuwa hatarini.

Msichopaswa kununua

Watakuja watu na mfumo unaodai kutabiri nani atajiua, kwa asilimia kadhaa za uhakika. Mwaka 2017 watafiti walikusanya tafiti 365 za miaka 50 kuhusu utabiri huu na kukuta kwamba ulizidi kubahatisha kwa kiasi kidogo tu. Miongozo ya Uingereza ya 2022 inawaambia wahudumu wasitumie alama za hatari kuamua nani apewe matibabu na nani arudishwe nyumbani. Kwa hiyo alama kwenye skrini ifungue mazungumzo, na isimnyime mtu kitanda. Roboti za gumzo nazo zisipewe kazi ya kumtathmini mtu aliye kwenye hatari. Pesa hiyo nunueni salio, pawa benki na zamu ya ziada ya usiku.

Hatua ya saba: hesabu ya Ijumaa

Namba nne tu, kila Ijumaa, ubaoni: waliofika, walioulizwa, waliosema ndiyo wakaondoka na mpango, waliopatikana siku ya tatu. Ya nne ndiyo ya kuangalia kwanza. Ikishuka, kaguni salio, chaji na namba zilizoandikwa vibaya kabla ya kumgombeza mtu. Namba za walioulizwa zikifika asilimia mia moja na "ndiyo" ikiwa sifuri, mjue kuna mtu anajaza "hapana" kwa mazoea. Kaa naye, muulize anaogopa nini, kisha mpe msaada wa kile anachoogopa.

Mgonjwa akifa licha ya yote, aliyekuwa akimpigia asilijue kwa kusoma jedwali. Aambiwe ana kwa ana na mkubwa wake, apewe siku, na jina lifutwe kwenye orodha ya ujumbe saa hiyo hiyo, ili salamu yetu isiingie kwenye simu iliyo mikononi mwa mama yake msibani.

Makabidhiano ya asubuhi yafanyike hivi: muuguzi anayetoka anaweka simu mezani ikiwa na chaji, anasema salio lililobaki, anataja majina ya leo na saa ambayo kila mmoja anaweza kuongea. Anayeingia anatia sahihi daftarini, kisha anampigia wa kwanza kabla ya chai.